Kubeti kwa Simu: Sheria Inamwambia Nini Anayecheza?

(Hotuba iliyotolewa kwa kamati za maendeleo za parokia na wageni wetu wafadhili katika semina ya siku moja)



Nimeombwa nijibu swali ambalo limefika ofisini kwetu zaidi ya mara moja mwaka huu: kijana anayebeti mpira kwa simu, je, anavunja sheria? Nitalijibu mapema. Hapa Kenya, mtu aliyetimiza miaka 18, akicheza kwenye kampuni yenye leseni na kwa pesa zake mwenyewe, havunji sheria. Najua wengine mlikuja mkitumaini jibu tofauti. Hata hivyo naomba myashike maneno hayo matatu, yaani umri, leseni, na pesa zake mwenyewe, kwa maana shida zetu nyingi zimo humo.

Sheria tuliyoitumia kwa miaka mingi ni ya mwaka 1966. Wakati huo mtu aliyetaka kuweka dau alikwenda kwa miguu yake hadi kwa mpokea dau, na serikali ikamtazama zaidi huyo mpokea dau: ana leseni? Amelipa ada? Ilipoanza M-Pesa mwaka 2007, na baadaye kampuni za kubeti zikajiunganisha nayo, lile duka la kamari likahamia mfukoni mwa kila mtu. Sheria ilibaki ile ile. Agosti 2025 Rais alitia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari, inayounda mamlaka mpya mahali pa ile bodi ya zamani na kuitambua kamari ya mtandaoni. Lakini mwelekeo haukubadilika sana. Anayebanwa kwanza ni mwenye biashara. Hata Julai 2019, serikali ilipokataa kuhuisha leseni za kampuni 27, hatua ile iliwahusu wenye kampuni, si wateja wao.

Sasa tuangalie umri. Miaka 18 ni ya Kenya. Wenzetu wa Uganda, kwa sheria yao ya mwaka 2016, wameweka 25. Kwa hiyo kijana wa miaka 20 pale Busia anaruhusiwa kubeti akiwa upande wetu wa mpaka, na akivuka kununua samaki haruhusiwi. Nawatajia hili kwa sababu wazee wengi hudhani umri huo umeandikwa mahali fulani mbinguni. Ni uamuzi wa Bunge, na wananchi wanaweza kumwomba mbunge wao aufikirie upya.

Lakini mtoto wa kidato cha pili hachezi kwa jina lake. Anacheza kwa laini ya mama yake. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama, na machoni pa kampuni anayebeti ni mama, mwenye miaka 46. Kina mama walio hapa, tafadhali someni jumbe zenu za M-Pesa jioni ya Jumamosi na Jumapili. Na namba ya siri asipewe mtoto hata kama yeye ndiye anayejua zaidi mambo ya simu nyumbani.

Kuhusu leseni sitakaa sana. Ziko tovuti za ng'ambo zinazopokea Wakenya bila leseni ya hapa. Anayecheza huko akishinda na asilipwe hana ofisi ya Nairobi ya kupeleka malalamiko yake. Amepeleka pesa kwa mtu asiyemjua, basi.

Iko pia kodi, ambayo vijana wengi hawaihesabu. Tangu Julai 2025, ushuru wa asilimia 5 hutozwa kwa pesa anazoingiza mchezaji katika akaunti yake ya kubeti, na asilimia 5 nyingine kwa pesa anazotoa. Ukiweka shilingi 1,000, zinazobaki za kuchezea ni 950 kabla mpira haujapigwa. Ukitoa 2,000, unapokea 1,900. Kodi hizi zimebadilishwa mara nyingi, kwa hiyo kabla ya kuwafundisha wengine hakikisheni viwango havijabadilika tena. Nimeona kijana akikokotoa hesabu hii ubaoni katika semina ya vijana na wenzake wakanyamaza kuliko walivyonyamaza wakati wa mahubiri. Wengi wao walikuwa wakikumbuka yule Mkenya aliyeshinda shilingi milioni 221 Februari 2017. Hakuna anayetangaziwa habari za walioshindwa wiki ile ile.

Nije sasa kwenye pesa zenyewe. Katika parokia mojawapo, ambayo sitaitaja, mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa alikuwa akishika fedha za wanachama 22 katika simu yake. Alianza kwa kuazima shilingi 500 siku ya Jumamosi ili azirudishe Jumatatu. Kufikia wakati wa kugawana, zilikosekana shilingi 61,400. Mjane mmoja alikuwa akitegemea fungu lake kulipa karo ya muhula wa kwanza, na mtoto wake alikaa nyumbani wiki tatu.

Kamati ilikwenda kituo cha polisi kushtaki kamari. Afisa aliwauliza: kampuni ina leseni? Ina. Ana miaka mingapi? Thelathini na moja. Basi hakuna kosa, nendeni nyumbani. Wakarudi wakisema sheria inawalinda wacheza kamari.

Ndugu zangu, walipeleka shtaka lisilo lenyewe. Kubeti kwake hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kutumia pesa alizokabidhiwa na watu wengine, na hilo linaangukia chini ya Kanuni ya Adhabu kama wizi, iwe alizinywea pombe, alizibetia au alizipeleka kwa dada yake. Lakini ili shtaka hilo lisimame panahitajika daftari, sahihi, na azimio linaloonyesha pesa zilikuwa za nani na aliruhusiwa kuzifanyia nini. Kikundi kile hakikuwa na daftari la miezi mitano iliyopita. Hapo kosa si la mweka hazina peke yake. Ni letu pia, sisi wa ofisi, tuliowakagua mara moja kwa mwaka.

Vilevile deni ni deni. Aliyekopa Fuliza, au kwenye zile programu za mikopo, akabetia, hawezi kusema pesa ziliishia kwenye mchezo. Atadaiwa vile vile.

Wafadhili wetu wawili wametuandikia wakitaka tuweke sharti kwamba asiyeahidi kuacha kubeti asipewe mkopo. Naheshimu nia yao. Maoni yangu ni kwamba sharti hilo litatupa waongo wengi na habari chache. Afadhali pesa za kikundi zikae katika akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, zisiwe katika simu ya mtu mmoja, na daftari lisomwe mbele ya wanachama kila mwezi. Hilo tunaweza kulisimamia. Na anayekuja mwenyewe kusema ameshindwa kuacha, msimfukuze mkutanoni. Mkalisheni pembeni, mmsaidie kuiandikia kampuni ifunge akaunti yake, na mkewe au mzazi ashike laini yake kwa muda akikubali.

Yule mweka hazina hakufungwa. Mbele ya chifu na wanachama alitia sahihi kulipa shilingi 3,000 kila mwezi, na mpaka wiki iliyopita amelipa miezi saba. Fungu la mjane lililipwa kwanza. Nakala za ule mkataba, pamoja na mfano wa daftari, ziko mezani karibu na mlango. Kila kamati ichukue moja.