HATI HUTANGULIA, MAGURUDUMU HUFUATA
Hotuba ya afisa wa mahusiano ya umma kwa wakazi wa mpakani, Busia, kuhusu kuhamisha pikipiki kwenda nchi nyingine



Mada niliyokabidhiwa leo ni uhamishaji wa pikipiki pale mwenyewe anapohamia nchi nyingine. Inatuhusu sisi watu wa Busia kuliko wengi. Jina lenyewe la bodaboda lilizaliwa hapa, enzi za baiskeli, vijana walipokuwa wakivusha abiria kati ya vituo viwili vya mpaka huku wakiita "boda, boda". Ukoo mmoja una nyumba Uganda na nyumba nyingine Kenya. Kwa hiyo mtu akihama huona amekwenda kwa shangazi tu, na pikipiki huivusha kama anavyovusha mkungu wa ndizi. Matatizo huanzia hapo, maana sheria haimwulizi mtu shangazi yake ni nani, humwuliza hati.

Kwanza, tutofautishe kuvuka na kuhama. Anayevuka kwa safari fupi hupewa na forodha kibali cha muda, chenye tarehe ya mwisho. Hutakiwa pia kuwa na bima inayofika kule aendako, na ndiyo kazi ya Kadi ya Njano ya COMESA, inayotambuliwa katika nchi kadhaa zikiwemo Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Bima ya nyumbani peke yake haitamsaidia mtu utakayemgonga ugenini.

Anayehama ana njia nyingine. Hufunga usajili wa nchi anayoiacha, huitangaza pikipiki kwa forodha ya nchi anayoingia, hulipa kinachokadiriwa, kisha hupewa namba mpya. Kuishi miaka miwili kwa kibali cha wiki mbili ni kosa, hata kama pikipiki ni yako kwa haki. Na anayepitia njia za panya hujiweka pabaya zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu mali iliyokwepa forodha kukamatwa na kutaifishwa, pamoja na chombo kilichoibeba.

Pili ni umiliki. Vijana wengi huchukua pikipiki kwa mkopo, na mkopeshaji hubaki na kitabu cha usajili mpaka deni liishe. Tuchukue mfano. Kijana amelipa zaidi ya nusu ya deni, akapata kazi Kisumu, akaondoka na pikipiki usiku bila kumwarifu mkopeshaji. Moyoni hakukusudia kuiba. Lakini mkopeshaji akipiga ripoti, namba ya chasisi huanza kutafutwa. Wakuu wa polisi wa ukanda huu wana umoja wao, EAPCCO, ulioundwa mwaka 1998, na Interpol ina hifadhidata ya vyombo vya moto vilivyoibwa. Siku atakaposimamishwa barabarani, kijana huyo atapoteza pikipiki, fedha alizokwisha kulipa, na pengine uhuru wake. Nyumbani karo na unga vilitegemea magurudumu hayo mawili. Barua ya ridhaa ya mkopeshaji, au kumaliza deni kwanza, ingemwepusha na yote hayo.

Nanyi mnaonunua kwa mtu anayehama, msihadaike na bei ya huruma. Linganisheni namba ya chasisi, ambayo aghalabu imechongwa kwenye shingo ya usukani, na namba ya injini, na zile zilizomo katika kitabu. Pikipiki nyingi za siku hizi zina namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17, na katika mpangilio huo herufi I, O na Q hazitumiki. Ukiziona, au ukiona chuma kimekwanguliwa, usitoe fedha. Fika kituoni.

Tatu, wapo wanaohamia ng'ambo ya bahari, Ghuba au Ulaya. Kwao nashauri hesabu kabla ya safari. Nauli ya meli, sanduku la mbao, gharama za bandari na kodi ya huko mwisho wa safari vyaweza kuishinda thamani ya pikipiki ya kazi. Tena nchi nyingine hazisajili chombo kisichotimiza viwango vyao vya moshi na taa, waulizeni mapema. Anayeazimia kuisafirisha huondoa mafuta kwenye tangi, hutenganisha nyaya za betri, huiosha ikatakata, huipiga picha pande zote, na huhakikisha namba ya chasisi imeandikwa sawasawa kwenye hati ya shehena. Kosa la herufi moja laweza kuikwamisha bandarini, na gharama za hifadhi huongezeka kila siku.

Kwa ndugu anayerejea nyumbani kutoka huko, sheria hiyohiyo ya forodha inatoa nafuu kwa anayehamisha makazi, kwa chombo kimoja cha moto alichokimiliki na kukitumia mwenyewe nje kwa muda usiopungua miezi 12. Atunze ushahidi wa miezi hiyo, na awaulize maafisa wa forodha kabla meli haijang'oa nanga.

Nne, ukiamua kuiacha, usimwachie mdogo wako funguo pekee. Mwandikie idhini mbele ya mwenyekiti wa LC1, au mbadilishe jina la mmiliki kabisa. Namba ikitumika katika uhalifu, polisi huanza kwa mwenye jina, awe Busia au Muscat.

Ndugu wananchi, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Swali lolote lililetwe kwenye dawati letu, kuuliza hakulipiwi. Na kila ada halali, iwe ya forodha au ya usajili, ina risiti. Anayekuomba fedha bila risiti, hata akivaa sare kama hii yangu, mripoti.