KUKODISHA SHAMBA SI KUUZA SHAMBA
(Maneno ya Kamati mbele ya Mkutano wa Wanachama, Mtae. Yamenakiliwa hapa ubaoni kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Tumesimama mbele yenu kwa jambo moja tu, nalo ni ardhi.

Kama mlivyokwisha kusikia, yupo mkulima wa viazi mviringo aliyeleta ombi. Anataka kukodi shamba la chama kule bondeni, pamoja na vipande vya wanachama wanaopakana nalo, kwa muda wa miaka mitatu. Fedha yote atatoa taslimu siku ya kwanza. Fedha hiyo ni tamu, hatukatai. Watoto wanadaiwa ada na paa la ghala letu linavuja. Wapo wenzetu waliotuuliza njiani, "Nyie Kamati mnangoja nini?" Basi leo tunajibu.

Kwanza tukiri kosa letu. Mtakumbuka kwamba shamba hilohilo tulikwisha kulikodisha msimu mmoja kwa maneno ya mdomo. Hatukuandika kitu. Tulipokea shilingi 150,000 tukafurahi. Mpangaji akang'oa ukanda wa majani ya guatemala ili apate mistari mitatu zaidi ya kulima. Masika yalipokuja, udongo ulishuka mtoni mbele ya macho yetu. Kupanda upya majani na kurudisha kingo kulichukua watu sita kwa siku nane, yaani siku 48 za kazi. Hesabuni kibarua kwa shilingi 5,000 kwa siku: ni shilingi 240,000. Kwa hiyo hatukupata kodi. Tulimlipa mtu ili atuharibie shamba. Na yule bwana hakuvunja mkataba wowote, maana mkataba haukuwapo! Kosa lilikuwa letu sisi Kamati, na tunaomba radhi.

Sasa, hatusemi kukodisha ni dhambi. Wazee wetu wa Kisambaa walipeana mashamba tangu zamani. Mwenye shamba kubwa alimpa jirani alime mahindi na maharage, naye akaleta shukrani yake. Lakini palikuwa na mwiko: aliyeazimwa shamba hapandi miti wala migomba. Kwa nini? Kwa sababu mti unakaa, na anayepanda mti kesho atasema shamba ni lake. Wazee hawakuwa na karatasi, ila walikuwa na mpaka wa maneno unaojulikana na wote. Sisi tumeacha mwiko wao, na karatasi hatujaishika. Tumebaki katikati.

Tukija kwenye sheria. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, iliyoanza kutumika 2001. Mwenye hakimiliki ya kimila anaweza kumkodisha mwingine, lakini si kwa siri. Kumkodisha mtu wa nje ya kijiji, tena kwa miaka, ni jambo la kulifikisha mbele ya Halmashauri ya Kijiji, si la kumalizia kilabuni. Sheria hiyohiyo imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Kwa hiyo baba akikodisha shamba ambalo mama ndiye analilima, naye mama akaja kusikia kwa jirani, hapo pana ugomvi. Na ugomvi ukitokea lipo Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Lakini litasuluhisha kwa kutazama nini kama hakuna maandishi?

Kuna maneno yanayotembea ati mtu akilima shamba lako miaka 12 basi limekuwa lake. Ndugu zetu, tusitishane. Miaka 12 ni muda ambao sheria ya 1971 imeuweka wa kufungua madai ya ardhi mahakamani. Aliyeingia kwa ruhusa yako na anakulipa kodi ni mpangaji, hata akikaa muda mrefu. Ila ukiulizwa uthibitishe kwamba alikuwa anakulipa, utaonyesha nini? Ndiyo maana tunapiga kelele juu ya stakabadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la tatu ni udongo wenyewe. Sisi wa Mtae tunakaa ukingoni. Ukisimama pale juu unaiona nyika ya Mkomazi iko chini ya miguu. Huku kwetu tone la mvua halikai, linateremka na udongo wetu mkononi. Waingereza waliliona hilo. Baada ya Vita Kuu ya Pili walianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, wakaamuru kila kaya ichimbe matuta. Watu waliukataa mpango ule, maana ulikuja kwa amri na faini, na mzigo wa jembe uliwaangukia zaidi akina mama. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ukaachwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja mradi wa SECAP, kwa msaada wa Wajerumani, ukifundisha kupanda kanda za majani na miti kufuata kontua, na kulisha ng'ombe zizini. Majani ya guatemala mnayoyaona kwenye kingo zetu ni matunda ya kazi hiyo. Imechukua miaka mingi kuyafikisha hapo. Mpangaji wa msimu mmoja anayang'oa kwa siku mbili.

Na viazi vina hatari yake. Upo ugonjwa wa mnyauko unaoletwa na bakteria. Mmea unanyauka ungali kijani, na kiazi ukikikata kinatoa ute mweupe. Ugonjwa huu unakuja na mbegu mbovu, unatembea na maji na udongo unaoganda kwenye majembe, kisha unakaa ardhini. Dawa ya kupulizia hauna. Nyanya, biringanya na pilipili nazo unazishika. Mtu akipanda viazi misimu mfululizo kwa miaka mitatu kwa mbegu asiyoijua mwenye shamba, yeye atavuna, atapakia lori la Dar es Salaam, ataondoka. Wewe utabaki na shamba linalokataa viazi na nyanya. Kodi yako ulikwisha kuila mwaka wa kwanza. Hapo utamdai nani?

Kipimo chake ni rahisi, kila mtu anaweza. Kata kipande cha shina la mmea ulionyauka, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, ndio ugonjwa huo. Mwite bwana shamba siku hiyohiyo.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza haya, mkutano uyajadili:

1. Tusikodishe kwa miaka mitatu. Tuanze na msimu mmoja. Akilitunza shamba, tutaongea tena.

2. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, nakala tatu: ya chama, ya mpangaji, na ya ofisi ya kijiji. Uwe na mipaka iliyopimwa kwa hatua mbele ya majirani, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, kiasi cha kodi na sahihi za mashahidi.

3. Kwa vipande vya wanachama, mume na mke wote watie sahihi. Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti mbele ya mashahidi, kisha aweke dole gumba.

4. Kanda za majani, miti na kingo zisiguswe. Zihesabiwe kabla ya mpangaji kuingia. Aweke dhamana kwa mweka hazina, atarudishiwa akitoka kama kila kitu kiko salama.

5. Mbegu ya viazi ikaguliwe na bwana shamba kabla ya kupandwa. Baada ya viazi shamba lipumzishwe kwa mahindi, kabichi au karoti, si nyanya.

6. Asilime hadi mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Makopo ya dawa yasioshwe mtoni, maana watoto wetu wanateka maji huko.

7. Kodi ipokelewe ofisini, si njiani, na stakabadhi itolewe hapohapo.

Tunajua wapo watakaosema, "Masharti haya yatamkimbiza mtu." Inawezekana. Kwa fedha tutaumia, na ghala litavuja msimu mmoja zaidi. Lakini mkulima anayekimbia sharti la kutong'oa majani, huyo alikuwa anakuja kufanya nini? Na mkulima mwema naye anapata faida: mkataba unamlinda asifukuzwe viazi vikiwa bado ardhini.

Kwa mwanachama mwenye shida ya haraka, hasa mama mjane au mzee asiye na nguvu ya jembe, tunaomba asiende kukodisha gizani kwa bei ya kuonewa. Aje kwanza kwa Kamati. Tutamwandikia mkataba bila malipo, na tutasimama naye kama mashahidi.

Ndugu wanachama, fedha ya kodi inaliwa mwaka huohuo. Udongo tuliupokea kwa wazee, na watoto watatuuliza. Kura ni yenu. Mkisema tukodishe kwa masharti, tutakodisha. Mkisema tulime wenyewe, tuambizane leo nani ataleta jembe.

Ushirika udumu.

Kamati ya Chama,
Mtae.