Kutoka Shambani hadi Kikombeni: Metali Nzito katika Majani ya Chai



Kila tunapokutana na wananchi huulizwa swali moja: je, chai tunayokunywa ina sumu? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa hakuna jicho wala ulimi uwezao kutambua risasi au kadimi ndani ya kikombe. Jibu letu ni hili: metali zimo katika majani ya chai, lakini si zote zinazofika kikombeni, na kiasi kinachofika hutegemea pia namna chai inavyopikwa.

Chanzo cha kwanza ni udongo. Mchai, unaolimwa hapa kwetu Rungwe, Mufindi na Usambara, hustawi katika udongo wenye tindikali, hasa wa kipimo cha pH kati ya 4.5 na 5.5. Tindikali huyeyusha alumini na manganizi zilizomo ardhini, na mizizi huzifyonza. Mbolea za naitrojeni zikitumiwa miaka mingi huzidisha tindikali hiyo, na baadhi ya mbolea za fosfeti huwa na kadimi iliyotoka katika mwamba zilikochimbwa. Risasi nayo huja pia kwa vumbi. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, lakini risasi haiozi. Iliyotua kando ya barabara ingalipo.

Umri wa jani nao una uzito wake. Alumini hujilimbikiza kadiri jani linavyozeeka. Hivyo, chai ya majani mawili na chipukizi huwa na alumini kidogo kuliko ile iliyochanganywa na majani yaliyokomaa.

Ndugu watumiaji, anayestahili hadhari kubwa zaidi ni mama mjamzito na mtoto mdogo. Risasi hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni, na hudhuru ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Tena, mwili uliopungukiwa madini ya chuma hufyonza risasi kwa wingi zaidi, na chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma hicho kufyonzwa. Mtoto anayepewa chai ya rangi kila mlo hupata hasara mara mbili.

Kwa sababu hiyo tunashauri yafuatayo.

Kwanza, tununue chai iliyofungashwa, yenye jina la mzalishaji na alama ya ubora, badala ya ile iliyoanikwa wazi kando ya barabara.

Pili, tusichemshe majani kwa muda mrefu, wala tusiyarudie. Risasi nyingi hubaki katika makapi, lakini kadiri majani yanavyokaa ndani ya maji ya moto ndivyo yanavyotoa zaidi. Chai ichujwe kabla ya kutiwa kwenye chupa.

Tatu, ndimu itiwe kikombeni baada ya kuchuja, kwani uchachu wake huvuta alumini kutoka kwenye majani.

Nne, tuepuke kupikia sufuria zilizotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu. Hizo zaweza kutoa risasi hata kama majani ni safi kabisa.

Tano, mama mjamzito na mtoto wasinywe chai pamoja na mlo. Ikibidi, wasubiri angalau saa moja.

Kwa wakulima na wenye viwanda, tunawasihi wapime udongo kabla ya kuongeza mbolea, na wapime majani kabla ya kuyapeleka sokoni. Mnunuzi hana maabara nyumbani kwake. Kipimo chenu ndicho kinga yake.

Hatusemi chai iachwe. Tunasema ichaguliwe vyema, ipikwe kwa kiasi, na mtoto alindwe.