Hari ya Madukani na Wajibu Wetu

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma, Dar es Salaam.)



Nimepewa heshima ya kuzungumza nanyi juu ya hali za kazi, nami nimechagua jambo ambalo wengi wetu hulipita kila siku bila kulitazama, yaani joto linalowakabili wale wanaotuuzia bidhaa madukani. Pengine wapo watakaojiuliza kwa nini nizungumze habari za watu walio kivulini, hali wapo wavuvi, wapagazi na wakulima wanaoungua juani. Jibu langu ni kwamba jua la shambani huonekana na kila mtu, bali hari ya dukani imejificha nyuma ya vioo na taa za kupendeza. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwezi wa Februari, katika kilele cha kaskazi, nilikwenda kununua madaftari katika duka moja la ghorofani. Kiyoyozi kilikuwapo ukutani, kikinguruma na kudondosha maji ndooni, lakini baridi hakikutoa. Madirisha yalikuwa ya kioo kisichofunguka. Binti aliyenihudumia alikosea hesabu mara mbili, na mteja aliyekuwa nyuma yangu akamkemea kuwa ni mzembe. Nakiri kwamba hata mimi niliguna kwa kukosa subira. Punde binti yule akaishika kaunta, akalegea, akaanguka. Tulimbeba hadi barazani, tukamlegeza nguo, tukamlowesha maji na kumpepea kwa jalada la daftari. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa kutuomba radhi kwa kutuchelewesha.

Mwenziwe alinieleza kwamba binti huyo hakuwa amekunywa maji tangu asubuhi. Choo kilikuwa katika jengo la pili, na anayeiacha kaunta huhesabiwa kuwa mtegaji. Basi wasichana wale walikuwa wamejizoeza kukaa na kiu kutwa nzima. Ndugu zangu, nilirudi nyumbani na madaftari yangu, lakini pia nilirudi na aibu. Yule tuliyemwita mzembe alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake ulitokana na kazi aliyokuwa akitufanyia sisi.

Hebu tutazame jambo lenyewe lilivyo. Mwili wa binadamu hujitahidi kubaki katika joto la nyuzi 37 hivi za Sentigredi. Joto likizidi, mwili hutoa jasho, na jasho linapokauka juu ya ngozi hutuondolea joto. Lakini katika miji yetu ya pwani hewa imejaa unyevu, kwa hiyo jasho hutiririka bila kukauka, na mtu hupoteza maji na chumvi pasipo kupata nafuu. Dalili za kwanza ni kiu, kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kupungua kwa makini. Hizi zikipuuzwa, joto la mwili laweza kufika nyuzi 40 na zaidi. Hapo mtu huchanganyikiwa akili au kuzimia, na asipopozwa upesi na kufikishwa hospitali, anaweza kufa.

Sasa tazameni duka lenyewe. Kila mtu aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi, sawa na balbu ya zamani. Wateja 20 katika chumba kidogo ni kama pasi mbili za umeme zilizoachwa zikiwaka. Ongezeni taa. Ongezeni majokofu ya vinywaji, ambayo hupoza soda kwa kulitoa joto lake nje na kulimwaga mumo humo dukani. Ongezeni ukuta wa kioo unaoelekea jua la alasiri. Kiyoyozi kichafu, kisichosafishwa vichujio vyake, na ambacho mlango wa mbele yake uko wazi kutwa, hakiwezi kushindana na mambo yote hayo. Mashine hiyo ilipobuniwa na Mmarekani Willis Carrier, mwaka 1902, kusudi lake la kwanza lilikuwa kudhibiti unyevu katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn ili karatasi zisiharibike. Bidhaa ilifikiriwa kabla ya mtu. Nikiona jokofu la soda linatunzwa vizuri kuliko anayeiuza soda hiyo, naona kwamba fikira zile hazijatutoka.

Wala si kweli kwamba kabla ya viyoyozi watu wa pwani hawakujua kujenga. Nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu zina kuta nene, dari ndefu na ua wa ndani unaovuta hewa. Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, lilijengwa kwa paa la miavuli ya zege iliyoinuliwa juu ili hewa ipite na maji ya mvua yakusanywe. Soko lile liliungua mwezi wa Julai 2021, lakini somo lake halikuungua: Mtanzania alilitazama jua na upepo wa mahali pake, kisha ndipo akachora. Wengi wa wajenzi waliofuata wamechukua michoro ya nchi za baridi, wakaziba madirisha, wakauachia umeme kazi iliyokuwa ya upepo.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya anasa, na kwamba nchi maskini haina budi kuvumilia. Hoja hiyo ina sura ya ukweli, lakini haisimami. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba ifikapo mwaka 2030 joto litaupotezea ulimwengu asilimia 2.2 ya saa zote za kazi, kiasi kinacholingana na ajira milioni 80 za kutwa nzima. Keshia anayekosea hesabu na mchukuzi anayeangusha katoni ni hasara kwa mwenye duka mwenyewe. Anayedhani anaokoa fedha kwa kuwanyima wafanyakazi hewa na maji, anazipoteza kwa mlango mwingine.

Tena jambo hili limekwisha kuwekewa sheria. Huko Uingereza, mwaka 1899, ilipitishwa sheria ya kuwapatia viti wanawake waliouza madukani, maana walikuwa wakisimamishwa kutwa. Mwaka 1964 Mkataba wa 120 wa Shirika la Kazi Duniani ulitaja maduka na ofisi waziwazi: pawe na hewa ya kutosha, joto la kadiri kwa kadiri hali inavyoruhusu, maji safi ya kunywa, na viti vya kukalia. Mwaka 2022 shirika hilo liliiweka haki ya mahali pa kazi penye usalama na afya miongoni mwa haki za msingi za kazi. Hapa Tanzania Bara tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Wakala wa kuisimamia. Tunayo pia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayoweka kikomo cha kawaida cha saa 45 za kazi kwa juma, na kumpa mapumziko ya saa nzima mfanyakazi afanyaye kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano. Duka halikuachwa nje ya sheria hizi kwa kuwa lina kapeti na vioo.

Basi tufanye nini? Mengi ya yanayohitajika ni ya gharama ndogo. Pawe na mtungi wa maji safi karibu na kaunta, na ruhusa ya kunywa bila kuomba. Kwenye joto kali inashauriwa kunywa kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 au 20, hata kabla ya kiu. Pawe na ruhusa ya kwenda chooni, maana maji bila choo ni mzaha. Kazi za kubeba mizigo na kupanga ghala zifanywe asubuhi. Mfanyakazi mgeni asibebeshwe kazi nzima siku ya kwanza, kwani mwili huchukua juma moja hadi mawili kulizoea joto. Vioo vipate mapazia au vivuli, taa zisizohitajika zizimwe, vichujio vya kiyoyozi vioshwe. Pangaboi na feni zisaidie, ila Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba hewa ikizidi nyuzi 40, feni huongeza joto mwilini badala ya kulipunguza. Sare iwe ya pamba nyepesi. Na kiti kiwepo, kikaliwe. Mteja hapungukiwi heshima kwa kuhudumiwa na mtu aliyeketi.

Ndugu watumishi wa umma, baadhi yenu ndio mnaopitisha ramani za majengo, mnaotoa leseni na mnaokagua. Unapopewa ramani ya duka, uliza: umeme ukikatika, hewa itapita wapi? Unapokwenda kukagua, usiishie katika chumba cha meneja chenye ubaridi. Simama nyuma ya kaunta kwa nusu saa, wakati wa saa nane mchana, kisha ndipo uandike taarifa yako.

Nanyi ndugu walimu, vijana mnaowafundisha ndio watakaosimama nyuma ya kaunta hizo. Tunawafundisha kutii, na ni vema. Lakini tuwafundishe pia kutambua dalili za joto, kumpa mwenzao huduma ya kwanza, na kudai maji na mapumziko kwa adabu lakini bila woga. Somo la jasho limo katika vitabu vya sayansi. Somo la saa za kazi limo katika uraia. Kilichobaki ni kumwonyesha mwanafunzi kwamba masomo hayo mawili yanakutana mwilini mwake.

Mwisho, sote ni wateja. Mteja hana mamlaka ya kuamuru, lakini ana macho na ana kauli. Tukiona muuzaji analegea, tusimwite mzembe; tumuulize kama amekunywa maji. Tukiona duka linafukuta, tumwambie mwenye duka kwa maneno ya kistaarabu. Binti yule aliyetuomba radhi pale barazani hakuwa na kosa la kuombea radhi. Sisi tuliokuwa kwenye foleni ndio tuliokuwa na deni kwake, na deni hilo bado hatujalilipa.