Gharama ya Kujikaza

Leo tunazungumzia kujikaza: mtu anafundishwa tangu utotoni asilie, asioneshe hofu, hasira aimeze, mpaka anazoea na kuamini kwamba ndivyo alivyoumbwa. Mwaka 1933 Wilhelm Reich, daktari wa nafsi aliyesomea Vienna chini ya kivuli cha Sigmund Freud, alichapisha kitabu akiifananisha tabia ya namna hiyo na deraya, vazi la chuma la askari wa kale: humkinga mtoto na maumivu, kisha humganda akiwa mtu mzima. Miaka iliyofuata akaongeza kwamba deraya hiyo imo hata kwenye misuli, katika taya lililobanwa, mabega yaliyopanda na pumzi isiyoshuka tumboni. Reich mwenyewe baadaye alipotea. Alidai amegundua nguvu isiyoonekana iliyojaa ulimwenguni, akatengeneza masanduku ya kuikusanya, akaingia matatani na serikali ya Marekani na kufia gerezani mwaka 1957. Kwa hiyo hoja yake hatuwezi kuipokea kwa sababu tu aliisema yeye. Inabidi tuitafutie ushahidi kwingine.

Ushahidi upo. Mwaka 1979 Daniel Weinberger na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa kiume wa chuo nchini Marekani. Waliwatenga wale waliosema hawana wasiwasi, lakini majibu yao mengine yakaonesha kwamba ni watu wa kujilinda sana. Walipopewa maneno ya kukamilisha, mengine yakigusa ugomvi na mapenzi, mapigo ya moyo, jasho la ngozi na misuli ya paji la uso vilionesha msukosuko mkubwa kuliko wa wenzao waliokuwa watulivu kweli. Sioni sababu ya kuwaita waongo, maana inaelekea walisema walichokijua. Mwili ulikuwa na habari ambayo wao hawakuwa nayo. Mwaka 1993 James Gross na Robert Levenson wakawaonesha watu 85 filamu ya kuchukiza, nusu yao wakiambiwa wasioneshe chochote usoni. Nyuso zilitulia kweli, na hata mapigo ya moyo yalipungua. Lakini jasho la ngozi liliongezeka, macho yakapepesa zaidi, na karaha waliyoisikia moyoni haikupungua hata kidogo. Hapo ndipo penye uzito wote: kuficha hisia ni kazi, na kazi hiyo inafanywa na mwili.

Kuna atakayesema kujikaza ni heshima, na bila hiyo msiba hauendeshwi. Ni kweli, anayesimamia mazishi hawezi kugaagaa chini. Majaribio haya yalipima dakika chache, hayakuonesha kwamba kujizuia kwa muda kunamdhuru mtu. Ninachokihofia ni kujizuia kusikokoma, pale mtu anapokosa hata pa kulilia baada ya arubaini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kama mwili unaonesha yaliyomo, mbona tusimsome mtu kwa mabega yake? Hatuwezi. Vipimo vile vilionesha kwamba kuna jambo linalobanwa, havikuonesha ni jambo gani. Tena bega lililopanda linaweza kuwa la mshonaji anayeinamia cherehani tangu asubuhi. Wapo waliovuka mpaka huu na kutangaza kwamba kuna tabia ya watu wanaopata saratani, ati wanaomeza hasira. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofuatilia karibu watu 60,000 wa Sweden na Finland, haukuona kwamba tabia walizozipima zinaongeza hatari ya saratani. Kumwambia mgonjwa kwamba ameugua kwa sababu ya kinyongo chake ni kumwongezea mzigo wa hatia usio na msingi, nami naliona jambo hilo kuwa ukatili.

Basi msikilizaji, ukiona taya la nduguyo limebanwa kila jioni, usimtolee hukumu. Mwulize anaendeleaje, kisha umpe muda wa kujibu. Na maumivu ya kifua yasiitwe majonzi kabla hayajapimwa hospitali.