Fyuzi, Breka na Usalama wa Nyumba Zetu
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

Mwenyekiti ametuomba tuzungumze juu ya stima, maana siku hizi hakuna mkutano unaoisha bila mtu kulalamika kwamba fyuzi imekatika. Hebu tuanze kwa kuungama kosa letu sisi wenyewe.

Chumba chetu cha mikutano kina kisanduku cha fyuzi cha zamani, kile cha vishikio vya kuchomoa kwa mkono. Upande wa nyuma tulikuwa tunalea vifaranga kwa taa 4 za wati 250 kila moja. Siku ya mkutano tunawasha birika ya wati 2,000 ya chai, na koili ya wati 2,000 ya githeri. Jumla ni wati 5,000. Gawanya kwa volti 240 za stima yetu, unapata karibu ampia 21. Na zote zilipita kwenye laini moja iliyowekewa fyuzi ya ampia 10! Ikawa inakatika kila mara.

Basi mmoja wetu akaokota kipande cha waya kilichoachwa na fundi, akakifunga pale kwenye kishikio. Fyuzi haikukatika tena, nasi tukampongeza. Miezi ikapita. Siku moja tukiwa tunahesabu pesa za merry-go-round, tukasikia harufu ya plastiki inayoungua, na moshi ukaanza kutoka darini. Mama mmoja alikimbia akazima meni swichi. Ni kwa sababu yake chumba kingali kimesimama. Fundi alipopanda juu alikuta waya umebaki shaba tupu pale ulipoungwa, na boriti iliyo karibu nao imeanza kuwa makaa.

Tatizo lilikuwa wapi? Fyuzi imewekwa iwe dhaifu kwa makusudi, ikatike yenyewe kabla waya wa ukutani haujapata moto. Waya wa fyuzi wa ampia 5 una unene wa milimita 0.2 tu, kama uzi. Ule wa ampia 15 ni nusu milimita. Kile kipande tulichofunga sisi kilizidi milimita moja, na waya wa namna hiyo hauyeyuki mpaka upitishe zaidi ya ampia 100. Kwa hiyo waya wa darini ndio uliokuwa fyuzi yetu. Msumari na karatasi ya sigara ni dhambi hiyo hiyo.

Breka inatusaidia hapo. Mzigo ukizidi inajizima yenyewe, na ukishaondoa kilichozidi unainua kidole chake tena. Hakuna waya wa kufunga, kwa hiyo hakuna nafasi ya ujanja. Pia ni kali zaidi: ile fyuzi ya kufungwa kwa mkono huvumilia karibu mara 2 ya kiasi chake kabla ya kukatika, bali breka haivumilii hivyo. Masanduku mengine ya zamani yana breka ndogo zinazochomekwa pale pale pa kishikio. Lakini angalieni jambo hili: breka hupimwa kufuatana na waya, haipimwi kufuatana na hamu yetu ya kuwasha vitu vingi. Laini ya taa huwekewa breka ya ampia 6 au 10. Fundi akikuambia, “Nikuwekee ya 32 isikusumbue,” mwambie ashuke ngazi aende zake.

Sasa jambo ambalo wengi hatukulijua. Fyuzi hailindi mtu, wala breka ya kawaida. Mtoto akishika waya uliochunika, stima inayoweza kumwua haifiki hata sehemu ya kumi ya ampia moja. Fyuzi ya ampia 5 haisikii kitu! Kinachomlinda ni kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Kinalinganisha stima inayoingia nyumbani na ile inayorudi. Ikipungua kwa miliampia 30, yaani kuna inayopotea njiani, labda kupitia mwili wa mtu, kinakata mara moja. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyezeni mara kwa mara, na kisipozima, mwiteni fundi.

Kwa maoni yetu, mwenye pesa kidogo aanze na waya halali wa fyuzi, ambao ni wa shilingi chache. Kisha atafute RCD. Kubadilisha sanduku lote kuje baadaye, na kabla ya hapo nyaya zipimwe, pamoja na waya wa erthi. Sanduku jipya juu ya nyaya zilizooza ni kupoteza mbuzi wako bure. (Na erthi ikaguliwe kweli, maana wezi wa vyuma chakavu hawaachi shaba.)

Kazi hii si ya kujaribu wenyewe. Hata ukizima meni swichi, nyaya zinazotoka kwa mita bado zina moto, na sili ya mita haiguswi. Fundi aonyeshe leseni yake ya EPRA kabla ya kufungua mfuko wa vifaa. Mkisema ada ni kubwa, mbona tunanunuliana sufuria na magodoro kwa zamu? Fundi mmoja akiitwa na nyumba kumi, bei haiwi ile ya nyumba moja.

Mkutano ujao kila mmoja aje na karatasi: sanduku lake lina vishikio vingapi, kila kimoja kimeandikwa ampia ngapi, na vifaa vyake vya stima ni vya wati ngapi. Someni kwa macho tu, msifungue. Mwekahazina atazikusanya, kisha tutapanga zamu tukianza na nyumba ambazo fyuzi zimefungwa waya kama wetu.