Yubile ni Kurudi Nyumbani
Hotuba ya waanzilishi wa kwaya katika ibada ya shukrani ya miaka 50



Tunasimama mbele yenu sisi waanzilishi tuliobaki. Tulipoanza tulikuwa watu 11. Leo tuko wanne. Hatukuwa na kinanda wala sare. Tulikuwa na ngoma moja, kayamba mbili, na karabai moja ya kutumulikia jioni za mazoezi. Mwalimu wetu alituandikia solfa kwa chaki nyuma ya mlango wa ofisi ya kanisa, na mvua ikinyesha ilitubidi tuandike upya.

Leo mna kinanda, vipaza sauti na majoho ya kupendeza. Tunamshukuru Mungu kwa yote hayo. Lakini mlipotuomba tuseme neno, tuliketi sisi wanne tukakubaliana kwamba hatutakuja hapa kuhesabu vitu. Tutasema juu ya watu.

Neno hili Yubile tumelitoa katika Mambo ya Walawi, mlango wa 25. Mungu aliwaagiza Waisraeli wautakase mwaka wa 50, na baragumu ipigwe nchi nzima. Aliyeuza shamba la baba yake kwa sababu ya umaskini alirudishiwa. Aliyejiuza kwa ndugu yake akawa mtumishi aliachwa huru, yeye na watoto wake, akarudi kwa jamaa zake. Baragumu haikupigwa ili mpigaji asifiwe. Ilipigwa ili mtu aliyekuwa mbali asikie, ajue kwamba njia ya nyumbani imefunguliwa.

Sisi watu wa Pwani tuna ushuhuda wa jambo hili hapa karibu, Rabai. William Jones alikuwa Mwafrika aliyechukuliwa utumwani angali mtoto. Aliokolewa, akalelewa na kufundishwa na wamisionari huko Nasik, India, kisha mwaka 1864 akaletwa Rabai kuhudumu. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimpa daraja la ushemasi. Angeweza kutulia na heshima yake. Lakini watumwa waliotoroka mashambani walipokuja Rabai wakitafuta kimbilio, Jones aliwapokea. Wenye watumwa walikasirika, na hata ndani ya misheni wapo walioona kwamba jambo hilo ni la hatari. Jones hakuweza kusahau alikotoka. Mwanzoni mwa mwaka 1889 watoro zaidi ya 1,000 walipewa hati za uhuru, baada ya mabwana zao kulipwa fidia.

Ndugu zetu, huo ndio utume. Aliyefunguliwa haketi akifurahia peke yake huku mwenzake yuko mlangoni.

Sasa turudi kwetu wenyewe, na hapa tunaomba mtuvumilie, kwa sababu jambo hili hatujawahi kulisema kanisani.

Miaka ya mwanzo tuliweka sheria kali. Ukikosa mazoezi, unatozwa faini. Ukikosa mara tatu, huimbi Jumapili. Tulikuwa na dada mmoja wa sauti ya pili. Alikosa Jumatano ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kila mara katibu aliweka alama nyekundu kwenye daftari la mahudhurio, na mweka hazina akaongeza faini. Wiki ya saba tulimtuma mtu akamkumbushe deni lake.

Aliyetumwa alirudi na habari tofauti. Mume wa yule dada alikuwa amepooza. Yeye mwenyewe alikuwa akiamkia machimboni kuvunja kokoto ili watoto wapate unga. Nyumba yao ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kanisani. Jumapili zote hizo tulikuwa tukiimba juu ya upendo wa Mungu, na upepo ukivuma upande ule, alitusikia akiwa uani kwake.

Tulikwenda jioni ile ile, tukabeba unga na mafuta ya taa. Alitukaribisha vizuri, akatuchemshia chai. Hakutulaumu. Alituuliza swali moja tu: "Wenzangu, mlidhani niko wapi?"

Hatukuwa na jibu.

Tangu siku ile tulibadilisha kazi ya daftari. Mwisho wa mazoezi, kabla ya sala, katibu alisoma majina ya waliokosa, na watu wawili wakachaguliwa kupita kwao kabla ya Jumapili. Mara nyingi tulikuta mtu ni mzima, amechelewa kazini tu. Mara nyingine tulikuta msiba, ugonjwa, au ndoa inayovunjika.

Paulo na Sila waliimba usiku wa manane katika gereza la Filipi, migongo ikiwa na majeraha na miguu ikiwa imefungwa. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 16, Luka anataja jambo ambalo mwanakwaya asilipite haraka: wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza. Kisha nchi ikatetemeka, milango ikafunguka, nao hawakukimbia. Walibaki kwa ajili ya askari wa gereza aliyekuwa amekwisha kuchomoa upanga ili ajiue. Usiku huo huo askari aliwaosha majeraha yao, akabatizwa na watu wa nyumbani mwake. Waliosikia wimbo wao waliona pia matendo yao.

Vijana wetu, tunawaachia maombi mawili.

La kwanza: tumelitazama daftari lenu la sasa, tukaona majina 14 yaliyokatwa kwa kalamu. Tumeuliza. Wachache walihama. Wengi walishindwa na pesa za joho, mchango wa kurekodi, na nauli za mashindano, wakaona haya kurudi hata kuketi viti vya nyuma. Kamati imekubali ombi letu, nasi tunaishukuru: kuanzia leo madeni yote ya faini na sare yamefutwa. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Kabla ya Jumapili ijayo, kila jina litembelewe na watu wawili. Msiende kuwahoji. Nendeni mkawasikilize.

La pili: ziara za wodini na gerezani zilizokoma mlipoanza kurekodi, zirudi. Imbeni huko bila kamera. Nanyi washirika, msiiachie kwaya kazi hii. Kila mmoja wenu anajua kiti kilicho tupu karibu naye, na anamjua aliyekuwa akikikalia.

Yule dada wa sauti ya pili ni mmoja wa sisi wanne. Ameketi hapa mbele leo, na ndiye aliyetupa ruhusa ya kuyasema haya. Alituambia, "Semeni, ili asiwepo mwingine wa kuuliza swali lile."

Mungu awabariki na awatie nguvu kwa miaka 50 mingine. Bwana asifiwe!